Punda Kaenda, Mkokoteni Umebaki

Mkokoteni unakwama kwenye kona ya mashine ya kusaga, pale barabara inapoanza kupanda. Mwanamke aliye mbele, kamba imempita kifuani, anainama hadi uso unakaribia kugusa vumbi. Nyuma yake binti yake, sketi ya shule ameikunja na kuifunga kiunoni, anasukuma kwa bega.

"Sukuma, mwanangu! Usinionee aibu."

"Nasukuma, mama. Ni wewe huvuti!"

Wanacheka wote wawili, na kicheko kinawamaliza nguvu. Gurudumu linarudi nyuma. Dumu moja linaanguka, mfuniko unafyatuka, maji yanakimbilia mtaroni. Hapo hakuna anayecheka tena.

Mtaa mzima unamwita Mama Madumu. Ana miaka tisa akiuza maji nyumba kwa nyumba, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuvuta chochote. Alitembea kando, mkono juu ya shingo ya punda wake, akipiga soga na wateja.

Punda huyo wanawake wa mtaa walimwita Shemeji. Mume wa Mama Madumu aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, hakuonekana tena, basi shoga zake wakaamua kuwa aliyebaki nyumbani ndiye mume.

"Na kweli alinilisha," anasema. "Hakunipigia kelele hata siku moja. Labda alfajiri tu, na hiyo ni desturi yao."

Shemeji alizijua nyumba. Alisimama mwenyewe kwenye mlango wa kila mteja, na kama dumu halijashushwa, hata umbembeleze vipi hasogei. Mlango mmoja tu ndio alioukataa.

Ni geti la bati la ua wa ngozi, uliofunguliwa miaka mitatu iliyopita mwisho wa mtaa. Humo punda huchinjwa. Ngozi zao hutiwa chumvi, hukunjwa na kupakiwa kwenye makontena ya kwenda ng'ambo, ambako, kwa maneno ya wafanyakazi wa hapo, huchemshwa zikawa dawa na vipodozi. Kazi hiyo inataka maji mengi, na ua ulilipa papo hapo. Mama Madumu alikuwa wa kwanza kuitwa.

"Nilishukuru. Nilisema riziki imenifuata mlangoni." Anaikaza kamba ambayo tayari imekaza. "Shemeji akifika pale anarudi kinyumenyume, anatetemeka. Nilimchapa. Nilidhani ni ukaidi wa punda. Kumbe mwenzangu ananusa, mimi ndiye niliyeziba pua."

Kila siku alimpeleka hadi kwenye geti, na kila siku watu wanaoleta punda kuuza hapo walimtazama meno na mgongo. Asubuhi moja akakuta kamba imekatwa.

Alikimbilia ua wa ngozi. Walimwambia wao hununua kwa anayeleta, hawaulizi kamtoa wapi. Ngozi za usiku zilikuwa zimeshatandazwa, nyeupe kwa chumvi.

"Ngozi zote zinafanana, ndugu yangu. Nilisimama nikizikodolea macho kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Halafu nikarudi nyumbani."

Kwenye bomba la mtaa, punda kumi na mmoja walikuwa wakipanga foleni na wenye nao. Leo wapo wawili, na wote hulala chumbani na wenyewe.

"Zamani punda alikuwa bei ya cherehani moja," anasema fundi cherehani, mteja na shoga wa Mama Madumu. "Leo uza nne, utaambulia kwato."

Zamani fundi mwenyewe hakununua maji. Ana kisima uani, na majirani walichota bure. Lakini maji ya kuoshea ngozi hutiririka kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba yake. Msimu wa pili wa mvua, kisima kikabadilika ladha.

"Sabuni haitoi povu. Chai utaitia sukari, bado ni kama umelia ndani yake. Sasa nanunua kwa huyu. Namwambia kufa kufaana, shoga. Hacheki."

"Nicheke nini?" anajibu Mama Madumu. "Aliyeniletea wateja ndiye aliyeninyang'anya miguu."

Shemeji alivuta madumu kumi na mawili kwa safari. Mama na binti hawavuki saba. Nusu ya safari zao huenda ua wa ngozi, kwani ndio unaolipa bila kukopa, na ile ya asubuhi ndiyo inayomchelewesha binti shuleni. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Walimu wamemwonya: akiendelea hivi, mtihani hatafanya.

Wiki iliyopita alimwambia mama yake, "Niache tu mwaka huu. Tukipata punda nitarudi."

"Niliposikia 'nitarudi'," anasema mama, "nikamkumbuka baba yake."

Asubuhi hii wanafika kwenye geti wameloa. Msimamizi anahesabu madumu sita.

"Umechelewa, mama. Na kuanzia Jumatatu nataka mara mbili. Huyu binti ana nguvu, aje kutwa, nitamlipa yake peke yake."

Binti anamtazama mama. Mama anashusha dumu la mwisho, analiegemeza ukutani taratibu.

"Baba, haya ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho leo?"

"Ya mwisho."

"Utakula nini?"

"Nitakula kidogo."

Msimamizi anacheka, bila ubaya. "Hata hivyo punda wanaisha. Mwakani na sisi tutahamia kwingine."

"Na kisima cha watu mtahama nacho?"

Msimamizi anarudi ndani. Binti anakunjua sketi, anaipangusa, anakimbia kuelekea shuleni na viatu vinavyolia maji. Mama Madumu anavuta mkokoteni mtupu peke yake. Nusu ya kipato chake imebaki nyuma ya bati lile.

"Sijui kama nimefanya vizuri," anasema. "Leo jioni sufuria litaniambia."

Lakini ana mpango. Mmoja wa punda wawili wa pale bombani ni jike, na ana mimba. Mwenye naye amemwahidi mtoto, kwa sharti kwamba Mama Madumu amkatie mama mtu majani kila siku hadi atakapomwachisha mwanawe kunyonya. Itamchukua mtoto huyo miaka mitatu mingine kabla hajafungwa mkokoteni.

"Watu wananishauri nimuuze akiwa mdogo, ngozi ina bei. Nawaambia huyu nataka awe mzee, mvi zimjae puani, apite hapa barabarani anachechemea na watoto wanamcheka. Tangu ule ua ufunguliwe, sijaona punda mzee."