Koleo la Mama Pacha

Kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, wavuvi wa mchana walimwita Hamira. Alikuwa mwoka mikate, hilo ni kweli, lakini jina hakulipata kwa sababu ya mikate. Samaki wa kiganja aliyemponyoka Jumatatu, ikifika Ijumaa, katika masimulizi yake, alikuwa ameumuka akafikia urefu wa mkono, na mkono wenyewe wa mcheza kikapu.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, na huko hakuumua kitu. Mamlaka yote yalikuwa ya mkewe, mtengeneza hereni, na makao makuu ya mamlaka hayo yalikuwa meza ya jikoni, chini ya dirisha, mahali penye mwanga kuliko pote katika nyumba ile. Hapo Mama Pacha alikaa na shanga zake na waya wake wa shaba, akifanya kazi kwa mkono wa kushoto, haraka kama anayechambua mchele. Pembeni, ndani ya kitambaa kilichokunjwa, yalilala makoleo matatu: la mdomo mviringo la kukunjia vitanzi, la mdomo bapa lisilo na meno la kushikia, na dogo la kukatia, kipenzi chake, ambalo mipini yake aliizungushia uzi wa kijani.

Mumewe alipoanza kujitengenezea chambo bandia, vibati vinavyong'aa na kuzunguka majini vikamhadaa samaki, aliruhusiwa kukaa ncha moja ya meza hiyo. Ruhusa ilikuja na sharti.

"Waya wako na koleo lako, waya wangu na koleo langu. Siku nikijua umegusa langu, wewe na vibati vyako vya chambo mnahamia banda la kuku."

"Na mwanga je?"

"Jogoo atakuangazia kwa macho."

Haikuwa mzaha. Banda lilikuwa la kuingia kwa kuinama, na yule jogoo hakuwahi kumpenda Hamira. Kupoteza ncha ile ya meza kulikuwa sawa na kupoteza mchana mzima wa maisha yake, maana mwoka mikate humaliza kazi wakati wengine ndio wanaianza, na mchana ndio mali yake.

Tatizo lilikuwa koleo alilokuwa nalo. Alilitoa kwenye sanduku la vifaa la tanuri, likubwa, lenye meno ya mamba, zuri kwa kuvutia bati la mkate lililogoma kutoka motoni. Lakini kila lilipoushika waya liliuacha na makovu. Na yeye waya ulikuwa ndio kinga yake: kipande kifupi kinachokaa kati ya mshipi na ndoana ili samaki mwenye meno asikate. Siku moja waya ukakatika, chambo kikazama na jioni nzima ya kazi.

"Hamira, kakata?" aliuliza mvuvi wa jirani.

"Kakata! Meno kama msumeno wa seremala!"

Lakini alipougeuza waya mkononi aliona umekatika palepale kwenye kovu la koleo. Samaki hakuhusika hata kidogo. Hilo hakumsimulia mtu.

Waya wenyewe nao ulikuwa na kiburi. Ulikuwa wa chuma kigumu kisichoshika kutu; ukiukunja, unarudi. Kwa mwoka mikate kitu kigumu kina dawa moja tu, kwa hiyo aliuweka kwenye trei na kuusukuma tanurini katikati ya mikate. Ulitoka na rangi nzuri ya ukoko, na ugumu uleule. Mwenzake wa zamu aliukagua kwa makini.

"Huu tunauza kwa kilo au tunakata slesi?"

Hamira aliukunja waya, akautazama ukirudi. Alikuwa ameona kosa lake. Unga nao ukiuvuta hurudi, na hakuna anayeupiga moto kwa sababu hiyo. Unauvuta kupita pale unapotaka, unaurudisha pale unapotaka. Waya ulihitaji hivyohivyo: ukunjwe kupita kiasi, kwenye kitu cha mviringo, kwa mdomo usio na meno. Na mdomo huo alijua uko wapi. Ulikuwa umelala ndani ya kitambaa, futi chache kutoka ncha yake ya meza.

Jumamosi Mama Pacha alikwenda sokoni. Kabla geti halijaacha kutikisika, kitambaa kilikuwa wazi. Kitanzi cha kwanza kilitoka mviringo kama herufi ya mwalimu wa darasa la kwanza. Cha pili kikakipita cha kwanza. Alitengeneza chambo viwili vinavyofanana, kila kimoja na kibati chake na shanga nyekundu, akaacha vitanzi vya juu wazi kidogo ili baadaye avifungie mshipi. Ndoana hakuzitia bado. Ilibaki kukata ncha. Mkono ukaenda wenyewe kwenye uzi wa kijani.

*Ka!*

Koleo lililozaliwa kukata shaba lilikuwa limekutana na chuma. Kwenye makali yake pakabaki pengo la nusu mwezi, dogo, kama panya ameonja ukoko.

Hamira alitazama dirishani. Jogoo alikuwa amesimama juu ya banda, anamtazama pia.

Duka la vifaa lilikuwa mtaa wa pili. Muuzaji alimletea kwanza chombo kinachometameta chenye koleo, kisu, bisibisi na kifungua chupa. "Kinafanya kazi kumi, mzee."

Hamira alitoa mfukoni kipande cha waya, akakibana, akakiangalia. Makovu. "Kinachofanya kazi kumi hakijui hata moja. Nipe lisilo na meno."

Akaletewa mengine. Kila moja alilifunga na kuliinua kwenye mwanga. Pakionekana ufa kati ya taya, alilirudisha. Lililopita hapo, likiwa la kukatia, alilijaribu kwa karatasi. Likiacha nyuzinyuzi badala ya kukata, nalo likarudi.

"Mzee, unachagua koleo au mchumba?"

"Mchumba nilimchagua haraka haraka. Ndiyo maana leo niko hapa."

Alitoka na koleo dogo la kukatia, pacha wa lililojeruhiwa, na kwa ajili yake mwenyewe matatu: la mviringo, la bapa, na la kukatia zito lenye makali ya waya mgumu. Ukweli mchungu ni kwamba angeyanunua tangu mwanzo, asingekuwa na dhambi.

Alikaa mezani, akazikata ncha za chambo kwa lile zito, akavitia koponi, akafungua uzi wa kijani kutoka koleo la zamani na kuuzungusha kwenye jipya. Alikuwa katikati ya mpini wa pili mlango ulipogongwa. Dada yake mkubwa. Huyu hakungoja kukaribishwa katika nyumba yoyote.

"Hereni zangu ziko tayari? Kesho tunamuaga bosi wetu, nataka akumbuke nani aliyekuwa amependeza."

Hamira akatupia kitambaa juu ya makoleo, akachukua kopo la biskuti pembeni yake, akampa. "Hizi hapa, dada. Usifungue njiani, kuna vumbi."

"Mbona unatoka jasho, mdogo wangu?"

"Ni joto la tanuri, halijanitoka."

Makopo yote ya nyumba ile yalikuwa ya biskuti, ya aina moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta kutoka kazini.

Mama Pacha aliporudi aliketi, akakata waya wa shaba mara moja, akaligeuza koleo mkononi.

"Leo linakata vizuri."

"Labda limepumzika."

"Kama unga?"

"Kama unga," alisema Hamira, akaenda kumwagilia mchicha uliokuwa umekwisha kumwagiliwa.

Jumapili, pale bwawani, alifungua kopo la chambo vyake. Ndani zililala hereni mbili za shaba zenye shanga za buluu, zimetulia kama mayai. Alilifunga. Akalifungua tena. Hereni.

"Vipi Hamira, umesahau chambo?" aliita jirani.

Kwa mtu mwenye jina lake hilo lilikuwa swali lisilovumilika. "Hiki ni kipya," alijibu, akatia ndoana kwenye hereni moja na kuirusha.

Samaki hakuuliza maswali. Alikuwa mnene kweli, asiyehitaji hamira yoyote, na Hamira alipomtoa majini alijua kwamba ndiye samaki wa kwanza maishani mwake ambaye hangeweza kumsimulia.

Nyumbani alimkuta dada yake amekaa mezani, vibati viwili vikizunguka masikioni mwake na kutupa mwanga ukutani.

"Wifi, mikono yako ina baraka!" alikuwa akimwambia Mama Pacha. "Zinazunguka zenyewe! Hotuba ya bosi hakuna aliyeisikiliza. Wenzangu wote wanataka."

Mama Pacha aliziangalia hereni, akamwangalia mumewe mlangoni, akarudi kwenye hereni. Uso wake ulikuwa mkavu kama biskuti.

"Ni mtindo mpya, wifi. Ila ukipita karibu na maji, zivue."

"Kwa nini? Zitashika kutu?"

"Kutu hapana."

Dada alipoondoka, Mama Pacha alimgeukia mumewe.

"Hereni zangu ziko wapi, Baba Pacha?"

Aliweka moja mezani. Kisha akamwinua samaki. "Ya pili imependwa na huyu."

Mama Pacha hakucheka, ingawa midomo ilimsumbua. Alichukua koleo lenye uzi wa kijani. "Mimi ni shoto. Uzi wangu huenda huku. Huu umeenda kule. Na hapa kwenye kiungo," akapuliza, na vumbi jeupe likaruka, "kuna unga wa ngano. Liko wapi langu?"

Hamira alilitoa chini ya gunia la unga. Mama Pacha alilipima pengo kwa ukucha, muda mrefu. Hamira alisikia jogoo akiwika nje na akaona kama anaitwa.

"Lete makoleo yako," alisema mkewe hatimaye.

Aliyachunguza moja moja, akayafunga mbele ya dirisha, akaangalia ufa usiokuwepo. "Haya umechagua kwa akili. Unakaa. Lakini hereni za wenzake wifi wote, vitanzi vyake ni vyako, na bwawani huendi mpaka viishe." Akavuta uzi wa kijani katikati ya meza, kutoka ukutani hadi ukingoni. "Huo ndio mpaka."

Hamira aliinama kwenye kazi yake siku zile kama mfungwa aliyeridhika na gereza. Mwanga ulikuwa mzuri.

Asubuhi moja alirudi kutoka tanurini, akachukua koleo lake jipya la mviringo, akasita. Kwenye kiungo chake palikuwa na chembe nyembamba ya shaba. Akalielekeza dirishani ili ahakikishe. Shaba. Upande wa pili wa uzi, Mama Pacha alikuwa akitunga shanga na kuimba puani.

"Mama Pacha."

"Abee."

"Lile banda la kuku, ni la mtu mmoja au wawili?"

"Muulize jogoo," alisema, bila kuinua macho.