Risasi Nene ya Kibwana

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi wakaanza kugombania korosho zetu, watu wa Kinjumbi walinunua mabati, baiskeli na redio. Kibwana alinunua bunduki.

Gobore la baba yake liliua vizuri, taratibu, mnyama akapata muda wa kuiaga dunia. Lakini msimu mmoja Kibwana alibeba mizigo kwenye kambi ya wawindaji wageni, akawasikia wakibishana jioni nzima juu ya unene wa risasi. Akarudi kwetu na ubishi ule mzima mzima, kama mtu aliyerudi na homa.

Dukani Dar es Salaam muuzaji alimwuliza anawinda nini.

"Funo, pongo. Kongoni nikijaliwa."

Muuzaji akamwekea mezani risasi nyembamba, akasema hiyo inatosha na ziada. Kibwana akaigeuza kwa vidole viwili.

"Hii nitapigia mnyama au nitaandikia barua?"

Akachagua nene kuliko zote, ya tembo. Sababu yake tuliisikia barazani mpaka tukaikariri: inajaza kiganja.

Funo wa kwanza aliyempiga nayo alifika nyumbani miguu na masikio. Mkewe, Mwanasha, akachungulia kapuni.

"Baba Esha, aliyebaki yuko wapi?"

"Kwenye miti."

Kisha binti yao Esha akaposwa na watu wa Sudi, wavuvi wa pwani. Mwanasha akataka wanunue mbuzi wa karamu mapema. Kibwana akasema mbele ya wazee wote kwamba wakwe zake watakula kongoni, na aliyetaka mbuzi aende kwenye harusi ya maskini.

"Wale wanakula samaki tangu walipoota meno," Mwanasha akamwambia walipobaki wawili. "Hapa wanafuata nyama. Usije ukamwaibisha mtoto."

Asubuhi ya siku ya harusi Kibwana akaingia porini, leseni mfukoni. Alifuatana na Mwalimu Abilahi wa madrasa, aliyeshika kisu cha kuchinjia, na jirani yetu Klementi, Mkristo kutoka uwanda wa Makonde, mtani wake wa kufa na kuzikana.

Kongoni alisimama kwenye nyasi, mzuri, uso mrefu kama wa mtu anayesikiliza habari ya msiba. Mlio ulipotulia alikuwa chini. Mwalimu akakunja kanzu, akakimbia kadiri magoti yalivyomruhusu. Alipofika, vumbi lilikuwa limeshatua juu ya jicho la mnyama, na jicho halikupepesa.

"Chinja upesi, Mwalimu. Bado ana joto."

"Hata chai ina joto, Kibwana. Roho haimo."

Mwalimu hakuwa mtu mgumu. Akamtafutia mlango. "Ulipofyatua, ulitaja jina la Mungu? Maana kama ulitaja, pana njia."

Kibwana akakagua bunduki yake.

"Jina alitaja, Mwalimu," akasema Klementi. "Lake mwenyewe. Alisema, 'Leo mtamjua Kibwana.'"

Mwalimu akakirudisha kisu alani kikiwa kikavu. "Kibudu," akasema, kwa upole unaouma kuliko tusi.

"Pole sana, mtani," Klementi akasema, huku akivua shati. "Nyama ikikukataa sisi tutajitahidi. Ila risasi hiyo usiibadilishe, nakuomba. Mwakani nami naoza binti."

Kwa hiyo wakwe wa Sudi, waliosafiri na matumaini ya mchuzi wa nyama, walipakuliwa wali kwa changu. Kutoka kwa Klementi ulivuma moshi wa mafuta yanayodondokea makaa, na wageni wakawa wanatafuna wamegeukia huko. Esha alikuwa ndani, amefunikwa kanga. Kila kicheko cha ukumbini alikihesabu kuwa chake.

Baba wa bwana harusi, aliyekwisha kusimuliwa habari ya kongoni, akachomoa mwiba mdomoni, akautazama.

"Bwana Kibwana, na hawa samaki umewapiga na ileile?"

Ukumbi ukacheka, Mwanasha naye, kwa uchungu. Kibwana akanawa mikono bila haraka.

"Bunduki haina kosa," akasema. "Kongoni wa siku hizi hawana uvumilivu."