Salamu Iliyoitwa Uzembe

Siku ile nyumbani Kasulu tulikuwa tunapukuchua mahindi, mama upande mmoja wa mkeka na mimi upande wa pili, kitabu cha sheria kimelala wazi gotini. Likizo yangu ya jeshi ilikuwa inaisha.

"Sisi tulikimbia vita Burundi," mama alisema bila kuinua macho. "We unavifuata Kongo."

"Nikirudi nasoma sheria, mama. Meja wetu ameahidi kunipa ruhusa nikafanye mtihani wa kuingia chuo."

Sheria niliitaka kwa hasira. Baba alizaliwa Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, na hata baada ya kupata uraia alizungushwa maofisini mpaka akafa akiitwa mkimbizi. Nilitaka siku moja niwajibu watu wale kwa lugha yao.

Kongo nilipangwa lindo na Ezekieli, Muha wa Gwarama, mkoa mmoja na kwetu. Aliniita Wakili. Tukikaa handakini alikichukua kitabu changu na kunihoji: mtu akiua bila kukusudia, anashtakiwa kwa kosa lipi? Nikikosea, anakunywa chai yangu. Alikunywa chai nyingi sana.

Tulilinda kizuizi cha barabara kilichopakana na shamba la migomba. Waasi walikuwa karibu, na tulishaomba migomba ile ifyekwe. Meja, aliyepachagua mwenyewe mahali pale, alisema tunaogopa majani.

Adhuhuri moja akaja bibi kizee na mzigo wa mihogo kichwani. Akautua.

"Mwiriwe, bana banje," akatusalimia.

Ilikuwa kama Kiha cha nyumbani. Miezi yote ile hakuna mtu wa huko aliyekuwa ametuita wanawe. Kwetu mkubwa hasalimiwi na mtu aliyeshika kitu mkononi. Unainama, unapiga makofi taratibu, kisha mnashikana mikono na kuulizana habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Haraka ni matusi. Ezekieli aliisukuma bunduki mgongoni, akainama.

Akapiga makofi.

Risasi zikatoka migombani.

Nilijitupa chini, nikafyatua mpaka magazini ikaisha. Bibi alikuwa analia. Ezekieli alikuwa ameanguka kifudifudi.

Nilimburuta hadi handakini. Alikuwa ameshakufa.

Ulipoanza uchunguzi, Meja aliniita peke yangu.

"Andika kwamba alitelekeza silaha. Wewe msomi, utajua namna ya kuipanga."

"Hakuitelekeza, afande. Ilikuwa mgongoni. Na hata angeishika, waliompiga walikuwa ndani ya migomba. Asingewaona."

Alinisogezea karatasi.

"Mtihani wako ni mwezi ujao, siyo? Ruhusa naisaini mimi."

Nilimwelewa vizuri. Kosa likiwa la Ezekieli, hakuna atakayeuliza kwa nini migomba ilikuwa bado imesimama. Nilitoka pale kwa hasira, nikaandika nilichokiona.

Ruhusa haikuja. Siku ya mtihani nilikuwa palepale kizuizini, migomba sasa imefyekwa yote, unaona hadi mtoni. Uchunguzi nao ukaamua kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake. Maelezo yangu hayakutajwa popote.

Leo nauza mawese Kasulu, na wateja wangu wengi ni watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sheria sikuiomba tena. Wakiniuliza nasema umri umekwenda, lakini ukweli ni kwamba nimeichukia.

Gwarama nilikwenda mara moja tu, nilipoacha jeshi. Mama yake Ezekieli alikuwa analima nyuma ya nyumba. Aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye kanga, tukasalimiana kama inavyotakiwa. Wakubwa wa jeshi walikuwa wamemfikia kabla yangu na neno lao la uzembe. Nikamweleza yote, hadi habari ya ruhusa. Nilidhani namletea faraja.

"Kwa hiyo uliandika ukweli," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu bado wanamwita mzembe."

"Ndiyo."

"Na wewe hukusoma."

Aliinama akaliokota jembe lake.

"Ungeandika tu walichotaka, mwana wanje. Mmoja wenu angepata kitu."