Mama Hilana wa Kiwanda cha Hariri

Alizaliwa mwaka 1881 huko Ain Zeituna, Mlima Lebanoni, binti wa mkulima wa miforosadi, miti ilishayo viwavi wa hariri, aliyeitwa Shalhub. Tangu utotoni alifanya kazi katika kiwanda cha hariri cha bondeni, vidole ndani ya mabeseni ya maji ya moto akivuta nyuzi, na kama wasichana wote wa kiwandani alisemwa vibaya. Alipoingia utawani, wapo waliodai anakimbia aibu.

Vita Kuu ilipokwisha, kiwanda kikiwa kimefungwa, askofu alimruhusu akigeuze hospitali. Vitanda vikapangwa palipokuwa na mabeseni. Maji ya kunywa na ya mashuka yakachemshwa jikoni mle mle mlimochemshiwa viwavi wa hariri, na kila moshi ulipotoka kwenye dohani, kijiji kilinong'ona kwamba watawa wanachemsha maiti. Uzushi mtupu, lakini uliaminiwa kuliko mahubiri.

Kiangazi cha 1922 aliletwa Najla, binti pekee wa Tannus mchongamawe, akiwa na homa ya matumbo. Mama Hilana alikataza chakula kigumu, maana utumbo ungetoboka. Tannus, akishuku mwanawe ananyimwa chakula ili afe upesi, akamfichia mkate wa nyumbani chini ya blanketi. Mama aliukuta umemegwa.

"Umempa kiasi gani, Baba Najla?"

"Kidogo tu. Nyie mnamnywesha maji ya maiti, nami ninyamaze? Leo namrudisha nyumbani."

Njia ya mlimani ingemuua mtoto, na Mama alilijua hilo. Akamwahidi kuonja kila kikombe kabla ya mgonjwa. Tannus akacheka kwa dharau.

"Sumu si utaitia ukishaonja? Utakunywa yeye akishatoa mdomo, kikombe hicho hicho."

Masista, wakijua homa ile huambukiza kwa kikombe, wakamsihi Mama akatae. Aliogopa, na hakuficha.

"Lete kikombe," akasema.

Najla alipona. Mama Hilana alishikwa na homa ile ile, akafariki mkesha wa sikukuu ya Msalaba. Hata hapo Tannus alidai jeneza lifunguliwe, aone kama maiti imo kweli. Alipouona uso wake, alikaa chini akalia mbele ya watu.

Wanaosimulia kwamba siku ile dohani ilitoa harufu ya ubani tunawasikiliza kwa tahadhari. Yaliyo hakika ni haya: hospitali ingali wazi, na Tannus alichochea moto wa jiko la hospitali hiyo hadi uzeeni. Nasi tunaposhukiwa bure, kabla ya kufungua kinywa kujitetea, tumkumbuke mama huyu akikipokea kikombe kile, akijua fika kilichomo, akanywa.