Seli za Wapishi

Tulikuwa watatu katika ofisi moja ndogo ya chuo kikuu mjini Eldoret, kila mmoja na shahada yake ya kuhangaikia. Kiprono alisomea fizikia ya kwanta; safari zake zote zilianzia na kuishia ubaoni, nami nilimwonea wivu. Chebet aliandika juu ya wanawake wanaoongoza shule. Mimi nilisomea biolojia ya seli, na nilitaka kujua moshi wa kuni hufanya nini kwenye seli za ndani ya shavu la mtu anayepika kutwa. Chebet ndiye aliyenipa jina la Madam Nyibol, mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. "Ukimwelewa huyo," aliniambia, "umepata tasnifu mbili."

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningechukua sampuli mwezi huo wa Februari 2013, halafu nirudi Septemba nichukue tena, kwa wapishi walewale wa shule hiyo, katika moshi uleule. Sampuli za mara moja tu zisingenifaa kitu. Nikatuma tangazo shuleni mapema, nikaliandika kwa mkono wangu, maana Kiswahili changu hukisifu mwenyewe kabla wengine hawajapata nafasi.

Kitale, Jumatatu asubuhi. Nilipanda basi la Lodwar nikiwa nimeipakata hadubini, nimeifunga kwa leso mbili isigongwe. Mama aliyeketi kando yangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ana miezi mingapi?"

"Ni mashine, mama."

"Pole," akasema, akageukia dirishani.

Baada ya Kapenguria barabara iliteremka na joto likapanda. Kainuk walipanda polisi wawili wenye bunduki, na kuanzia hapo lami ilikuwa imechakaa hivi kwamba dereva aliiacha akaendesha kando yake, mchangani. Tulipofika Lokichar nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Hadubini ilikuwa salama.

Lodwar, jioni. Nililala kwa Mama Moraa, Mkisii mwenye duka na vyumba vya wageni, aliyehamia huko na mumewe mtumishi wa serikali na hakuondoka tena. Kila aliyepita, yeye alimtangulia kwa salamu ya huko, "Ejok!", kwa lafudhi ya Kisii, na kila mmoja alimwitikia vizuri tu.

"Na huko Kakuma unaenda kufanya nini?" akaniuliza akinimiminia chai.

"Utafiti wa seli."

Aliweka birika chini taratibu. Alinihamishia chumba chenye feni, na asubuhi aliniaga, "Safari njema, afande." Nilidhani ndio utani wa huko, nikacheka.

Jumanne nilipita ofisi ya elimu, nikajieleza kwa Kiingereza, nikagongewa muhuri, kisha nikapata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka vitunguu Kakuma. Tulivuka malaga kadhaa, yale mabonde ya mito mikavu, na mchana nikafika.

Kakuma, Jumatano, saa mbili asubuhi. Nilimkuta Madam Nyibol amesimama mlangoni mwa jiko la shule, mwanamke mrefu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ambaye Kiswahili chake alikiokota hapohapo kambini. Nyuma yake mafiga yalikuwa baridi. Hapakuwa na mpishi hata mmoja.

"Wewe ndiyo mtu ya seli?" akauliza.

"Ndiyo, Madam."

"Basi njoo uone kazi yako."

Alinionyesha tangazo langu, limebandikwa kwenye bati: *Jumatano atakuja mtafiti wa seli za wapishi.* Nililisoma kwa fahari. Nikalisoma tena, na fahari ikaniisha. Kakuma, kama Lodwar, neno seli lina maana moja tu, nayo iko nyuma ya kituo cha polisi. Wapishi walielewa kwamba seli zao zimekwisha kutayarishwa na anakuja mtu kuzikagua. Na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa amewahi kubeba nyumbani uji uliobaki, hakuna aliyejiona hana kosa.

Ndipo nikamwelewa Mama Moraa na afande wake.

"Nimekosa, Madam. Nitawaeleza."

"Utaeleza. Kwanza watoto wakule."

Alikunja mikono ya gauni, akanipa mwiko. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati, mlango mmoja, dirisha hakuna. Kuni ziliposhika, moshi haukuwa na pa kwenda ila kwetu. Nilikoroga uji huku machozi yananitiririka, nikatoka nje mara tatu kukohoa. Madam hakutoka. Wasichana walipopanga foleni na vikombe vyao, nilikuwa sioni vizuri ninayemmiminia.

Saa nne na nusu mpishi mkuu, Mama Rebecca, alichungulia. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba afande anapika uji. Alifuatwa na wenzake wanne, wakasimama mbali kidogo. Niliomba radhi, nikafungua leso, nikaweka hadubini juani. Nilikwangua ndani ya shavu langu mwenyewe kwa kijiti, nikapaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikamkaribisha Mama Rebecca atazame.

Alitazama sana. "Hii ni wewe?"

"Ni mimi. Hizo ndizo seli. Mwili wote wa mtu ni seli tupu."

"Uko mingi," akasema, na wenzake wakacheka. Halafu akainua uso. "Na moshi inaharibu hii?"

"Nafikiri hivyo. Ndiyo maana nataka kuchukua zenu leo, halafu tena Septemba."

"Mpaka Septemba sisi tutakuwa wapi?"

"Hapa. Jikoni."

Wanawake waliongea kidogo kwa lugha yao. Mama Rebecca akanigeukia. "Madam ameomba bomba ya kutoa moshi mara tatu. Watu ya ofisi wanasema alete barua ya mtu amesoma. Wewe umesoma. Bomba kwanza, mdomo baadaye."

Nilimvuta Madam Nyibol pembeni. Nilimweleza ukweli wote: kwamba nikiandika barua hiyo na bomba likawekwa, moshi utabadilika, vipimo vya Septemba havitakuwa na maana, na kazi yangu ya mwaka mzima imekufa. Nilisema kwa hasira, nakiri. Nilikuwa nimetoka mbali.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kumbe hii digrii yako inakula moshi," akasema, bila ubaya wowote, akaenda kugonga kengele.

Niliona aibu. Si aibu ya tangazo. Hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Hii ilinikaa kifuani.

Mchana, ofisini kwake, niliandika barua. Aliitaka kwanza kwa Kiswahili, awasomee wapishi, ndipo niigeuze Kiingereza cha ofisi. Niliandika kama tulivyofundishwa: *moshi huenda ukadhuru afya ya wapishi.* Alichukua kalamu yangu akapiga mstari.

"Toa hii huenda. Mtu ya ofisi akiona huenda, anaenda."

"Lakini sijapima, Madam. Siwezi kusema nisichokijua."

"Basi sema unachojua."

Nikaandika kwamba nimesimama katika jiko hilo asubuhi moja, nikashindwa kuona watoto niliokuwa nikiwalisha, nikatoka mara tatu kuvuta pumzi, na kwamba wanawake watano hufanya hivyo kila siku ya shule. Nikatia sahihi na jina la chuo. Mama Rebecca aliposomewa alitikisa kichwa kuafiki. Hakuna aliyefungua kinywa kwa ajili yangu, nami sikuomba.

Alhamisi nilianza safari ya kurudi, vioo vyangu vya sampuli, ila kile kimoja, vikiwa safi kama nilivyovipeleka. Lodwar nilimweleza Mama Moraa ukweli. Alicheka hadi akaketi, lakini chumba chenye feni aliniachia.

Eldoret, msimamizi wangu alisikiliza, akavua miwani, akaniambia nitafute mada nyingine. Chebet alitaka kujua kila neno la Madam, akayaandika yote. Mimi nilihamia kwenye seli za hamira, ambazo hazisomi matangazo, na shahada yangu ikachelewa mwaka mzima. Sitasema haikuniuma. Iliniuma kila nilipoona wenzangu wakijaribu majoho.

Septemba, Madam Nyibol alinipigia simu. Bomba lilikuwa limewekwa likizo ya Agosti, na dirisha likatobolewa pia.

"Wamama wanasema midomo iko tayari. Ukuje."

Nilimshukuru. Nikamweleza polepole kwamba seli zao sizihitaji tena, kazi ile niliifunga, aniombee radhi kwao.

"Hawajasema unahitaji," akajibu. "Walikuona wewe tu siku ile. Sasa wao wanataka kujiona."

Nilikuwa nimesomea seli miaka sita, nimeziomba, nimezitia rangi, nimezihesabu. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mwenye nazo angetaka kuziona. Nilimwambia Madam kwamba nitafika Jumatano.