Nyanya Alipokula Firigisi

Juzi tulimzika nyanya yangu, mama wa baba. Mazishini wasemaji walipishana kutueleza alivyokuwa mpole, mtu wa maombi, asiyeinua sauti. Mpole? Niliinamisha kichwa nisionekane nikicheka. Maombi sikatai, lakini mimi nitamsimulia yule aliyekula kuku.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la kaburu, upande wa Ainabkoi, mbali na mji wa Eldoret. Wazee wetu walitoka mkoa wa Magharibi kuja kulima ngano ya mzungu, wakaja na miiko yao yote. Mkubwa ulikuwa huu: mwanamke hali kuku. Atamfuga, atampika, atamwandalia mumewe, lakini hata kidole chenye mchuzi halambi. Firigisi ndiyo usiseme, hiyo ilikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Tuliambiwa mwanamke akila kuku hazai tena, na akizaa, mtoto hutoka na manyoya. Sisi wasichana tuliamini kabisa.

Kisha mama akajifungua ndugu yangu wakati wa mvua, na damu nyingi ikamtoka. Baridi ya kule ni ya kuingia mifupani. Mama alilala hawezi kuinua kichwa, ugali haupiti, maziwa hayatoki, mtoto analia hadi sauti inakauka. Mkunga akasema wazi kwamba asipopata supu ya nguvu atatuponyoka. Ng'ombe wote walikuwa wa mzungu. Sisi tulikuwa na kuku.

Babu, nyapara wa plau na mzee wa kanisa, alikataa katakata.

"Mkimlisha kuku akose kuzaa tena, watu wa kwao tutawaambia nini?"

Wazee wenzake wakamuunga mkono. Baba hakumtetea mama, na siku hiyo nilimchukia.

Nyanya hakubishana na mtu. Alimkamata jogoo mwekundu wa babu, akamchinja mwenyewe, jambo ambalo pia halikuwa la mwanamke, akampika mchana kweupe. Supu ilipoiva akatoa nje kigoda cha babu, akakikalia, bakuli mapajani. Kambi nzima ikaja kutazama, wanaume na makoti yao ya jeshi, wanawake wameziba midomo kwa mikono.

"Kama kuna ubaya, uanze na mimi," akasema.

Akaitoa firigisi, akaitafuna polepole huku amemkazia babu macho. Tukangoja. Mzee mmoja alirudi nyuma, sijui alidhani nyanya atapasuka. Nyanya akameza, akajipangusa midomo.

"Chumvi ni kidogo," akasema.

Wanawake wakaangua kicheko. Babu akapaza sauti juu ya kicheko chao: "Wewe mama, umeshazaa ukamaliza! Huyu bado!"

"Na akifa leo, mzee, atazaa lini?"

Nilimpenda nyanya siku zote, lakini pale nilimwonea fahari hadi machozi yakanitoka. Baba ndiye aliyeondoka kwanza katika kundi la wanaume. Alikwenda akamfungulia nyanya mlango, na chuki yangu ikaishia hapo.

Ndani nilimwinua mama, nikamwegemeza kifuani pangu. Kijiko cha kwanza kilimwagikia shingoni. Cha pili kikapita. Nyanya aliendelea kumnywesha, akimwombea kwa kunong'ona, mpaka bakuli likabaki mifupa. Kwa muda mama alitulia, macho amefumba, nami nikaogopa kumgusa. Halafu midomo ikacheza.

"Mama," akamwambia nyanya, "hakuna paja lililobaki?"

Nyanya alisimama mlangoni mkono kiunoni, akawaita wazee waliokuwa bado wamejipanga pale nje.

"Anataka kuongezwa! Leteni mwingine!"

Walitazamana. Kisha babu yangu, nyapara mzima, akavua kofia, akaanza kukimbiza kuku uani.