Nilivyomfanyia Mzee Boateng Matanga Akiwa Hai

Jamani, hili mume wangu amenikataza kulisimulia mbele ya wakwe, na nyinyi si wakwe, kwa hiyo kaeni vizuri mnicheke, maana aibu hii nimeibeba peke yangu miaka mingi na imenichosha.

Mnajua nilimfuata mume Johannesburg aliporudi kwao kutoka uhamishoni, na kazi ya kwanza ya maana niliyoipata ilikuwa kwenye ofisi ndogo ya safari katikati ya mji, chini duka la jumla la mablanketi, juu kanisa (Jumatano waliimba mpaka simu hatuisikii). Bosi wangu, Dada Thandeka, naye alikuwa ameishi Morogoro miaka ya uhamishoni, kwa hiyo tuliongea Kiswahili chetu pale na wateja wakidhani tunawasengenya. Siku moja akaja na wazo la kupeleka kikundi cha watalii Kumasi, Ghana, kwenye ufalme wa Waasante, wakaone jumba la mfalme, wafumaji wa vitambaa vya kente, na lile ziwa Bosomtwe lililozungukwa na vilima vya msitu.

"Nani hapa anawajua Waasante?" akauliza.

Nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui nani alinituma. Nilikuwa nimesoma kijitabu kimoja tu, tena kwenye teksi, nikajua habari za kiti cha dhahabu kilichoshuka kutoka mbinguni ambacho hata mfalme mwenyewe hakikalii, nikajua wavuvi wa lile ziwa hulala juu ya ubao wakapiga makasia kwa mikono kwa sababu chuma hakitakiwi kugusa maji yale, na kwamba roho ya marehemu hupita hapo kuaga kabla ya kwenda zake, sasa mtu anayejua yote hayo (niliwaza) amebakisha nini? Kusema kweli nilitaka kitu kimoja tu, kuongoza ile safari. Sikuwahi kupanda ndege maishani, hata Johannesburg nilikuja kwa basi.

"Sharp, sawa," akasema Dada Thandeka. "Mfurahishe Mzee Boateng, safari unaongoza wewe."

Mzee Boateng alikuwa mwalimu mstaafu na mkubwa wa Waasante wa mji huu, bila neno lake hakuna mlango ambao ungefunguka Kumasi. Wanawe walikuwa wanamwandalia sherehe ya kutimiza miaka sabini, na ofisi yetu ikajitolea kupamba ukumbi na kupokea wageni. Mpambaji nani? Mjuaji wa Waasante.

Basi nikaingia maduka ya jumla, na kwenye duka la tatu nikaliona jora la kitambaa cha huko huko kwao, jekundu na jeusi, moyo ukaruka. Kisutu kabisa! Kwetu Tanga bibi harusi hujifunga kisutu, na nyekundu na nyeusi ndiyo furaha yenyewe. Nikamuuliza muuzaji kama Waghana wanakipenda. "Sana," akasema, "kila Ijumaa wanakuja kununua." Hapo nikachukua jora zima.

Fundi wangu, Papa Mbuyi, Mkongomani wa mtaa wa La Rochelle hapa hapa mjini, alikigeuza kile kitambaa, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, uliulizaka wenyewe?"

"Papa, mimi mtoto wa Tanga. Nguo ya sherehe nifundishwe na nani?"

Akashona.

Jumamosi mchana ukumbi uliwaka. Vitambaa vya meza vyekundu na vyeusi, mapazia vivyo hivyo, sisi wapokeaji sita mlangoni sare kuanzia kilemba mpaka chini, na katikati nikaweka picha kubwa ya Mzee, nikaizungushia maua na mishumaa (mishumaa ilikuwa ubunifu wangu, hakuna aliyenituma).

Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa nyeupe tupu, na zawadi mkononi. Alinitazama, akaitazama picha, zawadi ikaanguka. Akapiga yowe, akanikumbatia, akalia begani kwangu. Mimi mjuaji nikadhani ndivyo wanavyosalimiana, nikambembeleza. Wengine wakaingia, wakatuona, wakapanga foleni, wakatushika mikono mmoja mmoja wakisema kwa sauti ya chini, "Due, due," na mimi nawajibu, "Due! Due!" meno thelathini na mawili yote nje. Mwanamume mmoja akatoka mbio na simu yake.

"Mwanaidi," Dada Thandeka akaninong'oneza, "bethidei gani watu wanalia hivi?"

"Ni furaha, Dada. Wana hisia sana hawa."

Mara mlango ukafunguliwa, Mzee Boateng akaingia na kente yake begani, wanawe wanaimba nyuma. Mama wa nyeupe akakimbilia jikoni kama aliyeona mzimu. Mzee akaangalia mapazia, akatuangalia sisi, akaiangalia picha na mishumaa.

"Nani amekufa?" akauliza kwa Kiingereza chake cha ualimu. Akaisogelea picha yake. "Ni mimi?"

Mwanawe mkubwa ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza kwamba kwao nyekundu na nyeusi ni nguo za msiba, hununuliwa Ijumaa kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi, na kwamba "due" ni pole. Nilitamani ardhi inimeze na jora langu. Na hapo simu ya Mzee ikalia. Dada yake wa Kumasi! Habari zilikuwa zimeshafika, matanga yameanza, na alipiga akitaka mtoto yeyote wa marehemu amwambie kaka yake alikufaje.

"Ni mimi mwenyewe," Mzee akasema. "Hapana, sikupigii kutoka ziwani."

Akakata simu, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilikuwa nalia, safari naiona inapotea, na Dada Thandeka anarudia "eish" tu. Mzee akaniita karibu.

"Binti yangu, watu wanakufa bila kujua nani angewalia. Mimi nimeona kwa macho yangu." Akaelekeza kidole jikoni, kwa yule mama wa nyeupe. "Yule miaka kumi hanisalimii, leo amekuja, tena macho yamemvimba kwa kunililia. Kitambaa hiki kitunze. Siku yenyewe ikifika sitaki apambe mtu mwingine."

Safari niliongoza, kwa sharti la dada yake, aliyetaka kumwona mwanamke aliyemuua kaka yake. Nilipanda ndege kwenda kuomba msamaha, na tangu hapo nguo ya watu siigusi kabla ya kuuliza wenyewe, hata iwe taulo.

Siku yenyewe ilifika mwaka juzi. Nilikitoa kile kitambaa sandukuni, nikapamba ukumbi ule ule, nikaweka na mishumaa. Mama wa nyeupe aliingia wa kwanza, safari hii amevaa nyekundu na nyeusi kama mimi, akanishika mkono. "Due," akasema. Nikaitikia kwa kichwa, na sikutabasamu.